Somo la Sanaa: Kupaka Rangi Sanamu Ndogo ya Askari Aliyevaa Sare ya Madoa

Sanamu ndogo za askari huuzwa zikiwa vipande vya plastiki visivyo na rangi. Mnunuzi huviunganisha na kuvipaka rangi mwenyewe. Kipimo kinachotumiwa sana ni 1:35, yaani askari mwenye urefu wa sentimita 175 huwa na urefu wa sentimita 5. Kazi hii haihitaji karakana. Meza iliyo karibu na dirisha inatosha. Vijana, walimu wa sanaa na familia zilizo na mzee aliyetumikia jeshi wanaweza kuitumia kujifunza na kuhifadhi kumbukumbu.

Sare kwanza, rangi baadaye

Kosa la wengi ni kushika brashi kabla ya kujua askari huyo ni nani. Sare hueleza jeshi lake, mahali alipohudumu na wakati wake. Kwa mfano, sare ya madoa ya jeshi la Uingereza iitwayo DPM ina rangi nne: mchanga, kijani, kahawia na nyeusi. Ilianza miaka ya 1960, na mwaka wa 2010 ikaanza kuondolewa sare mpya ya MTP ilipoingia. DPM ya jangwani ina rangi mbili tu, mchanga na kahawia.

Askari wa King's African Rifles (KAR) waliopigana Burma mwaka wa 1944 hawakuvaa madoa. Walivaa kijani kitupu cha msituni na kofia ya ukingo mpana. Wale wa Vita vya Kwanza vya Dunia walivaa kaki. Mjukuu akimtengenezea babu yake wa KAR sanamu yenye madoa, hata kazi iwe safi namna gani, atakuwa amemvisha babu sare isiyo yake. Picha ya zamani ya familia ni mwongozo mzuri. Ingawa ni nyeusi na nyeupe, huonyesha kama nguo ilikuwa na madoa, na vilevile aina ya kofia, mkanda na mifuko.

Vifaa

• Wembe au kisu kidogo chenye makali, na msasa laini
• Gundi ya plastiki, na pati ya kuziba nyufa
• Rangi ya msingi ya kijivu
• Rangi za maji za akriliki
• Brashi mbili, moja ya wastani na moja yenye ncha nyembamba
• Vijiti vya meno, kitambaa na maji safi
• Vanishi isiyong'aa

Hatua za kazi

1. *Kusafisha na kubadilisha.* Vipande vikatwe, visuguliwe kwa msasa na kuoshwa kwa maji ya sabuni. Hapa ndipo sanamu hupewa umbo lake la pekee. Mkono unaweza kukatwa kwenye kiwiko na kugeuzwa, kisha pengo lizibwe kwa pati. Ukanda wa karatasi wenye upana wa milimita moja, uliolowekwa kwenye gundi nyeupe, hutosha kuwa mshipi wa begi.

2. *Rangi ya msingi.* Ipakwe nyembamba na iachwe ikauke kabisa. Bila hiyo, rangi za juu hubanduka zikiguswa.

3. *Uso na mikono.* Ngozi ya Mwafrika isipakwe rangi nyeusi. Ianzie kwenye kahawia nzito yenye wekundu kidogo, kisha kahawia nyepesi iguse paji la uso, pua na mashavu.

4. *Madoa.* Kwa DPM ya rangi nne, sare yote ipakwe rangi ya mchanga kwanza. Ikikauka, hufuata kijani, kisha kahawia, na mwisho nyeusi. Kila rangi iache sehemu ya ile iliyotangulia ikionekana. Madoa ya DPM yana kingo kama za mswaki uliopitishwa kwa haraka, hayana umbo la duara.

5. *Ukubwa wa doa.* Doa la sentimita 7 kwenye nguo halisi huwa milimita 2 kwenye sanamu ya 1:35. Madoa makubwa humfanya askari aonekane kama mtoto aliyevaa shuka. Kijiti cha meno husaidia pale brashi inaposhindwa.

6. *Kivuli na mwanga.* Rangi ya kahawia nzito, iliyozimuliwa kwa maji mengi, iingizwe kwenye mikunjo ya nguo. Baadaye brashi iliyofutwa hadi kukaribia kukauka ipitishwe juu ya magoti, viwiko na kingo za mifuko ikiwa na rangi nyepesi.

7. *Buti, mkanda na silaha.* Hivi hupakwa mwisho. Bunduki ikipakwa kijivu kizito huonekana halisi kuliko ikipakwa nyeusi tupu.

8. *Vanishi.* Nguo ya askari haing'ai, hivyo vanishi nayo ising'ae.

Rangi zote zipakwe nyembamba, hata ikibidi kurudia mara mbili au tatu. Rangi nzito hufunika vifungo, mishono na sura ya uso, na kuibandua ni kazi kubwa kuliko kuipaka.

Tahadhari

Gundi ya plastiki na rangi za kupuliza zina harufu kali, hivyo madirisha yawe wazi. Watoto wasitumie wembe bila mtu mzima kuwa karibu nao.

Wakazi wanakumbushwa pia kwamba sheria ya Kenya inakataza raia kuvaa sare za kijeshi bila idhini. Madoa haya ni ya sanamu. Asiyekuwa askari asiyavae, hata kwa maonyesho au mchezo wa kuigiza, bila idhini ya wanaohusika.

Zoezi

Kabla ya kununua rangi, mwanafunzi aandike majibu ya maswali manne: Askari huyu ni wa jeshi gani? Alihudumu wapi? Ilikuwa miaka gani? Ni picha ipi inayothibitisha hayo? Palipo na mzee aliyevaa sare hiyo, aulizwe yeye kwanza. Huenda akakumbuka rangi ambayo picha haikuihifadhi, na pengine jina la rafiki aliyesimama kando yake.