Marafiki wa Basotu

SWALI: Marehemu baba aliendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, Hanang. Nilikuwa darasa la nne tulipohama. Kwangu hakuna aliyekuwa shujaa kama yeye. Niwapateje rafiki zangu wa wakati ule? Nakumbuka majina ya utani tu.

JIBU: Pole kwa msiba, dada. NAFCO, shirika la umma lililolima ngano ile kwa msaada wa Canada, halipo tena, na familia za wafanyakazi zilitawanyika.

Anzia shuleni. Mwombe mwalimu mkuu rejista ya uandikishaji ya mwaka wako. Mara nyingi jina la mzazi limeandikwa pia, na huko vijijini mzee hutafutika upesi kuliko mtoto aliyekwenda mjini. Kisha nenda mnadani Katesh na picha ya baba. Usifike na maswali kama karani wa sensa. Agiza chai, itoe picha, uwaache wazee waanze kubishana ni kombaini ipi ile.

Ila ukimpata rafiki wa Kibarbaig, msikilize kwanza. Mashamba yale yalichukua malisho ya wazazi wake, wakafika hadi mahakamani. Kombaini uliyoishangilia, huenda babake aliitazama kwa uchungu.

Jiandae pia kwa habari nzito. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yaliua watu zaidi ya 80. Ukitaja jina watu wakanyamaza, usilirudie. Mwulize mmoja baadaye, pembeni.