Vifaa vya Useremala Visiliwe na Kutu

Ndugu wanakikundi, huku kwetu Diani na Msambweni upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu kwenye chuma. Msumeno ukilazwa chini, hasa wakati wa masika, haukawii kushika kutu. Na msumeno wa kikundi ukiharibika, kazi ya wote inasimama.

Basi tuvitundike vifaa kwenye ubao. Nyuma yake tupigilie vipande vya mbao usigusane na ukuta: hewa itapita, na njia za mchwa tutaziona mapema. Kisha kwa makaa tuchore umbo la kila kifaa mahali pake. Jioni tukiona umbo tupu, tunajua nini hakijarudi kabla aliyeazima hajasahau. Randa ilazwe ubavu, makali yasigongwe.

Kabla ya kutundika, futa vumbi la mbao, maana hunyonya unyevu, halafu paka oili ya cherehani kidogo kwa kitambaa. Oili chafu ya gari hatuishauri. Huchafua mbao na si nzuri kwa ngozi. Mfuko wa nailoni nao hufungia unyevu ndani.

Mjadiliane: sanduku la patasi na tupa likitiwa kufuli, ufunguo ukae kwa nani? Na akisafiri je?