Mndimu Uliosongwa Ndooni: Kukata Mizizi na Kubadilisha Udongo

Kwa wanaotunza ndimu, malimau na machenza kwenye ndoo, mapipa na vyungu

Mndimu wa ndooni ukianza kugoma, majani yakawa madogo na ya njano, maua yakapukutika kabla ya kufunga tunda, wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo kununua mbolea. Mbolea ikishindwa, tunanunua ndoo kubwa zaidi na kuuhamishia mti humo jinsi ulivyo. Kijitabu hiki kinashauri hatua ambayo watu wengi huiogopa: utoe mti, ukate sehemu ya mizizi yake, uupe udongo mpya, na mara nyingi uurudishe kwenye ndoo ileile.

Mizizi hukua kuelekea nje. Ikigonga ukuta laini wa plastiki haina pa kupita, basi hugeuka na kuufuata ukuta, mzunguko juu ya mzunguko. Wakati huohuo mboji uliyoweka mwanzoni inaendelea kuoza na kupungua, ndiyo maana udongo wa ndooni hushuka mwaka hadi mwaka bila mtu kuuchota. Baada ya miaka miwili au mitatu ndoo imejaa mizizi na udongo uliobaki ni mchache. Hapo maji unayomwaga hupenya pembeni, kati ya fundo la mizizi na ukuta wa ndoo, na kutokea matunduni baada ya sekunde chache. Mwenye mti akiyaona yanatoka chini huamini mti umekunywa. Katikati ni pakavu.

Dalili nyingine ni mti kunyauka saa sita mchana ilhali ulimwagiliwa asubuhi, mizizi kuchungulia kwenye matundu, au ndoo kuvimba ubavuni. Lakini dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuutoa mti na kuutazama.

Wakati wa kufanya kazi hii

Katika mwambao, wakati mzuri ni masika yanapoanza, kuanzia katikati ya Machi. Jua limepunguzwa na mawingu, hewa ina unyevu, na mti unajiandaa kutoa majani mapya. Wa bara wafuate mvua za kwao. Usiguse mizizi katika jua la kaskazi la Januari na Februari, wala mti ukiwa umejaa maua au matunda. Kama huwezi kungoja, yachume matunda kwanza; mti uliokatwa mizizi hauwezi kuyalea.

Chombo na udongo

Ukitaka mti uendelee kukua, upe chombo kinachozidi cha zamani kwa sentimita 5 hivi upana. Ukiurukisha kutoka ndoo ya lita 10 hadi pipa, udongo mwingi utabaki bila mizizi ya kuunyonya, utakaa umelowa, na mizizi itaoza. Kumbuka pia uzito: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hukaribia kilo 30, na roshani nyingi za nyumba za kupanga hazikujengwa kwa ajili ya shamba. Ndoo za mafuta ya kula zinafaa. Zilizobeba dawa za kilimo usizitumie kabisa, hata ukizisugua namna gani, kwa sababu matunda haya yataliwa. Chombo cheusi kinachopigwa na jua huichoma mizizi iliyo kando ya ukuta. Kivishe gunia au kipake rangi nyeupe kwa nje.

Toboa matundu sita au zaidi chini, kila moja upana wa kidole. Kisha kuna jambo ambalo tumelikuta karibu kila nyumba: tabaka la kokoto chini ya ndoo, eti maji yapite vizuri. Linaleta kinyume chake. Maji yaliyo kwenye udongo mwembamba hayashuki kwa urahisi kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Hung'ang'ania juu yake mpaka udongo ulowe kabisa. Kwa hiyo kokoto huisogeza sehemu yenye tope karibu zaidi na mizizi, na kuila nafasi ambayo mizizi ingeitumia. Ziache. Kipande cha chandarua cha zamani juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Udongo wa mfinyanzi uliochimbwa uani hushikamana ndani ya ndoo kama tofali. Chukua madebe mawili ya udongo tifutifu, debe moja la mboji au samadi iliyooza hadi ikapoteza harufu, na debe moja la mchanga mnene wa mtoni. Samadi mbichi huunguza mizizi, na mchanga wa baharini una chumvi ambayo jamii ya michungwa haiivumilii. Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri sana kwa kuufanya udongo uwe mwepesi, ila uliza lilikotoka. Makumbi ya kusokotea kamba, kama yanavyoandaliwa Unguja, huzikwa kwenye matope ya pwani kwa miezi ili nyuzi zilainike, na vumbi lake huja na chumvi ya bahari. Lioshe kwa maji baridi mara kadhaa kabla ya kulichanganya.

Kukata

Mwagilia mti jioni ya kuamkia kazi. Asubuhi, laza ndoo ubavu, igongegonge pande zote, kisha shika shina karibu na udongo na uvute taratibu. Ikikataa, pitisha kisu kirefu kando ya ukuta. Ndoo iliyochakaa ikate tu. Usivute kwa nguvu mpaka shina lichubuke.

Tazama ulichokitoa. Mizizi yenye afya ni myeupe au ina rangi ya maziwa, na ni migumu ukiibana. Iliyooza ni ya kahawia iliyokolea au nyeusi, ganda lake huchunika kwa kidole, na hunuka. Hiyo ondoa yote.

Sasa chukua msumeno mdogo au kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Nyoa pande za fundo sentimita 2 hadi 3, na chini sentimita 3 hadi 5. Kwenye ndoo ndogo nyoa pungufu ya hapo, maana mizizi yote utakayoiondoa isizidi robo ya fundo. Kisha chana fundo wima sehemu tatu au nne. Mzizi mnene uliojipinda haunyooki tena hata ukiuhamishia shambani. Utaendelea kunenepa mahali pale, na ule unaolizunguka shina utalikaba miaka ijayo, mti ukiwa tayari unazaa. Huo utafute kwa makini uukate. Usiuoshe mti hadi mizizi ibaki wazi: jamii ya michungwa huchukia jambo hilo, tofauti na miti ya nchi za baridi ambayo hupukutisha majani na kulala.

Anayehofia kisu aufikirie msonobari mmoja wa Kijapani ulioko Washington, Marekani. Umetunzwa kwenye chombo tangu 1625, ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na familia ya Yamaki iliyokuwa ikiutunza iliutoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Mti wa aina hiyo hauishi karne nne chunguni bila mtu kuupogoa mizizi na kuubadilishia udongo, kizazi hadi kizazi.

Punguza na matawi kidogo, kuanzia yaliyokauka na yanayosuguana, kwani mizizi iliyobaki haitaweza kuyanywesha majani yote. Rudisha mti kwa kina kilekile. Kama ni mche wa kubebesha, kile kiungo kinachoonekana shinani kikae juu ya udongo kwa upana wa vidole vinne au zaidi. Jaza udongo ukiushindilia kwa kijiti, usiukanyage, na acha sentimita 4 chini ya ukingo ili maji yapate mahali pa kutua.

Wiki zinazofuata

Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha weka mti kivulini wiki mbili na uurudishe juani polepole. Baada ya hapo maji hayana ratiba. Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu sentimita 3 za juu, mwagilia. Majani machache yataanguka, na hapo ndipo wengi huua mti kwa kuuzamisha. Mbolea ingoje hadi majani mapya yatoke, kwa kawaida wiki nne hadi sita.

Wanaotumia maji ya visima vya pwani wakinge maji ya mvua kadiri wawezavyo. Ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi.

Kisahani cha chini ya ndoo tunakisisitiza kuliko yote, maana hakimhusu mwenye mti peke yake. Mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji machache ya namna hiyo, na yai hufika kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mwaga maji ya kisahani na ukisugue angalau mara moja kwa wiki, maana mayai hugandana ukutani, au kijaze mchanga.

Rudia kazi hii kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mti ukiwa mzito mno kuutoa, chota sentimita 5 za udongo wa juu kila masika na uweke mboji mpya, bila kufunika kiungo. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe mapema, maana ni ya shina mama na yatauzidi nguvu mndimu wako. Gundi ikitoka kwenye gome karibu na udongo, acha kumwagilia shina, sogeza udongo na matandazo mbali nalo, kisha mwite afisa ugani wa kata aje autazame mti kabla hujanunua dawa yoyote.