SOMO LA ROBO HII: Kumwendeleza Tabibu ni Kumtunza Mgonjwa



Kila tunapokaa kupanga bajeti ya zahanati zetu, maombi yanayoletwa kwanza ni ya vitu vinavyoonekana kwa macho: bati, vitanda, tenki la maji. Fungu la mafunzo ya watumishi huja mwisho, na fedha zikipungua ndilo la kwanza kukatwa. Katika somo hili tunapenda kuwashirikisha kwa nini fungu hilo lisikatwe, hasa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifafa na seli mundu.

Magonjwa haya si kama malaria isiyo kali, ambayo hutibiwa kwa dozi ya siku chache. Mgonjwa wa kisukari huhitaji matunzo maisha yake yote. Mara nyingi ana shinikizo la damu pia, na figo, macho na miguu yake hupaswa kuchunguzwa. Dawa hubadilishwa kadiri hali yake inavyobadilika. Tabibu aliyehitimu miaka kumi na mitano iliyopita hawezi kuyabeba hayo yote kwa daftari la chuoni. Naye mgonjwa akiambiwa kila mara aende hospitali ya rufaa, nauli humshinda, mwisho huacha dawa na kukaa nyumbani.

Mfano wa New Mexico

New Mexico ni jimbo kubwa la Marekani ambalo watu wake wengi wa vijijini wako mbali na mabingwa. Mwaka 2003, Dk. Sanjeev Arora, bingwa wa magonjwa ya ini wa Chuo Kikuu cha New Mexico, alianzisha mpango uitwao ECHO. Kliniki yake ilielemewa na wagonjwa wa homa ya ini aina C. Wengine walingoja miezi kadhaa kumwona, tena walisafiri mamia ya kilometa. Tiba ya wakati ule ilikuwa ya sindano na vidonge kwa miezi mingi, na iliweza kuleta upungufu wa damu na sonona. Matabibu wa vijijini waliogopa kuitoa.

Dk. Arora hakujenga kliniki kubwa zaidi. Aliwafundisha matabibu wakiwa vituoni mwao. Kila wiki walikutana na mabingwa kwa video au simu. Tabibu alieleza habari za mgonjwa wake halisi bila kumtaja jina, wakashauriana, kisha akaenda kumtibu mwenyewe. Juma lililofuata aliweza kurudi na swali jingine.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kati ya wagonjwa 407 waliofuatiliwa, waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu walipona asilimia 57.5. Waliotibiwa katika vituo 21 vya jamii na vya magereza walipona asilimia 58.2. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, hivyo hatuwezi kusema kwamba vituo vidogo ni bora kuliko chuo kikuu. Tunachoweza kusema ni kwamba waliotibiwa karibu na kwao hawakuonekana kupunjwa. Tangu hapo tiba imebadilika: vidonge vya siku hizi huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Hilo nalo ni fundisho, kwani aliyefundishwa mara moja tu huachwa nyuma.

Shauri la Yethro

Jambo hili si geni kwetu. Katika Kutoka sura ya 18, Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, akachoka yeye na watu wakachoka. Mkwewe Yethro alimshauri awafundishe watu na kuchagua wenye uwezo wa kuamua mashauri madogo, yale magumu yaletwe kwake. Bingwa wa hospitali ya rufaa ni kama Musa yule: tusimpelekee kila shauri, wala tusimwache tabibu wa kijijini bila mtu wa kumwuliza.

Tulipokosea

Sisi wenyewe tuna la kukiri. Kwa muda mrefu tulipima mafunzo kwa idadi ya vyeti. Watumishi walikaa semina siku tatu, wakalipwa posho, wakarudi na makabrasha. Hatukurudi kuuliza kama shinikizo la damu la mgonjwa hata mmoja limeshuka. Ni kweli kwamba Tanzania na Kenya mabaraza ya taaluma hudai pointi za elimu endelevu ili leseni ihuishwe, na pointi hizo ni za lazima. Lakini pointi bila mabadiliko katika chumba cha matibabu ni karatasi tu.

Kamati ifanye nini?

1. Itenge saa moja ya kujifunza kila wiki au kila wiki mbili, na mtu wa kushika zamu saa hiyo.
2. Ilipie bando la intaneti au muda wa maongezi, na ipatane na hospitali ya rufaa juu ya daktari wa kuulizwa.
3. Ipeleke watumishi wawili au zaidi, kwa kuwa mmoja akihamishwa elimu huondoka naye.
4. Ihakikishe dawa zipo. Tabibu aliyefundishwa vizuri hawezi kutibu kwa kabati tupu.
5. Kila robo ipokee taarifa fupi bila majina: wagonjwa wangapi wamerudi kliniki, na wangapi hali yao imedhibitiwa.

Wafadhili wetu, tunawaomba mtuulize swali hilo la tano kila tunapowaandikia. Jengo mtaliona kwenye picha; hili mtalijua kwa kuuliza.

Maswali ya kujadili

- Tabibu wetu alijifunza jambo jipya lini, na lilimsaidia mgonjwa gani?
- Akikwama leo, anampigia nani simu?
- Ni wagonjwa wangapi wa kisukari wameacha kuja, na nani amekwenda kuwatazama?