Kalamu haikuletwa na wamisionari

Muulize mwanafunzi wa sekondari ni nani aliyeleta kusoma na kuandika katika pwani ya Afrika Mashariki. Huenda akakujibu bila kusita: wamisionari. Jibu hilo si kweli, na mtoto wa Kiislamu anayelikariri anajifunza kuwadharau babu zake.

Mmisionari Johann Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate kwa Kiswahili na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, ni wa mwaka 1728. Hata Wajerumani, mwanzoni mwa utawala wao, waliandikiana na watu wa pwani kwa herufi hizo hizo. Nyuma zaidi, Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wenye sultani na wanazuoni, na masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao wenyewe.

Je, tuyaseme haya na kuficha mabaya? Hapana. Biashara ya utumwa ilikuwepo na Waislamu walishiriki. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu.

Mzazi mwenye barua au kitabu cha babu kilichoandikwa kwa mkono akionyeshe kwa mwanawe, na mwalimu akiombe akipeleke darasani, kabla mchwa hawajakimaliza.

Wabillahi Tawfiq.