Kiu Isiyokatika

Kando ya Ziwa, kutoka Musoma hata Bunda, mtu akinywa maji mengi hakuna amshangaaye. Jua ni kali, na kazi ya nyavu na ya jembe hutoa jasho. Lakini iko kiu isiyotokana na jua wala kazi, nayo ni kiu ya kisukari. Juu ya hiyo twataka kusema leo, maana watu hufa kwa kutoitambua.

Mwenye kisukari amekosa insulini, au mwili wake hauwezi kuitumia ipasavyo. Basi sukari hujaa katika damu wala haiingii mwilini kufanya kazi yake. Mgonjwa ni kama mwenye ghala lililojaa mtama aliyepoteza ufunguo: chakula kipo, naye ana njaa. Figo huitoa sukari hiyo pamoja na maji mengi. Kwa hiyo hukojoa mara kwa mara, hata usiku. Akikojoa sana huona kiu. Tena hukonda ingawa anakula. Dalili nyingine ni uchovu, macho kufifia, ganzi miguuni, na vidonda visivyopona upesi. Pengine sisimizi hukusanyika penye mkojo wake; lakini wasipoonekana, si ushahidi kwamba mtu ni mzima.

Wazazi na waangalie hasa watoto. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, akirudia, akinywa maji bila kukoma na kukonda, asichapwe wala asichekwe: apelekwe kupimwa siku ile ile. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kusinzia, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, yu katika hatari kubwa. Wengi hudhani ni malaria tu, nao huchelewa. Kabla insulini haijapatikana huko Kanada mwaka 1921, mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Leo aipataye kila siku aweza kusoma na kuzeeka.

Wako wasemao kwamba kisukari ni ugonjwa wa mjini. Katika miaka ya 1980 waganga walipima watu wa vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakakuta wenye kisukari ni chini ya 1 katika 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa nchi nzima ulikuta kama 9 katika kila watu wazima 100 wa miaka 25 hata 64. Hesabu hizo hazikupimwa kwa namna moja, lakini zatuonya tusilale.

Wengine huulaumu muhogo. Neno hilo nalo limechunguzwa mkoani Mara, katika kijiji cha Nyambori ambako muhogo ndio chakula cha kila siku. Na mwaka 1992 wataalamu walitangaza kwamba sumu ya muhogo siyo inayoleta kisukari. Sumu hiyo ina madhara yake mengine: mwaka 1985, wakati wa ukame, muhogo mchungu usiotengenezwa vema ulipoozesha miguu ya watu wilayani Tarime. Basi tuuloweke na kuuanika vema, lakini tusiusingizie ugonjwa usio wake.

Je, tujuaje habari iliyo ya kweli? Yatupasa kuuliza maneno matatu. Asemaye ni nani, naye alijifunza wapi? Je, anauza dawa ile anayoisifu? Je, anakuambia uache sindano au vidonge ulivyopewa hospitali? Akikuambia hivyo, mkimbie, hata akiwa ni jamaa au habari imefika kwa simu ya rafiki. Mwenye kuhitaji insulini akiiacha, aweza kufa katika siku chache.

Ukweli hupatikana kwa tone la damu la kidoleni. Kipimo cha 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula, kikirudiwa na kuonekana vile vile, ni kisukari, kadhalika 11.1 au zaidi saa yoyote, kama dalili zipo. Nendeni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wasipokuwa na kipimo, waulizeni kilipo, msirudi nyumbani kungoja.

Baba, mama, leo jioni mtazameni kila mmoja nyumbani mwenu. Nani anaamka usiku kutafuta maji? Huyo kesho apimwe.