MIGOMBA KATIKA NCHI YA PAMBA

Mkulima wa Bariadi, bila shaka umekwisha kuona migomba iliyopandwa na jirani yako uani kwake. Mwezi wa Februari majani ni mapana, yanapendeza, na wageni huyasifu. Pita tena mwezi wa Septemba. Majani yamening'inia kama matambara, shina limesinyaa, na mwenyewe asema ardhi ya Usukuma haitaki migomba. Ardhi ina lawama kidogo tu. Lililomshinda ni hesabu ya maji.

Mgomba ni mmea wa nchi ya mvua. Huko Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mvua hunyesha karibu kila mwezi. Kwetu hukatika Mei, na toka Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Jani la mgomba hupita urefu wa mtu, nalo hutoa maji hewani mchana kutwa. Tena mizizi yake mingi haizidi futi moja na nusu kwenda chini, hivyo haiwezi kuyafuata maji mbali kama mwembe. Ili ustawi, wahitaji kiasi cha inchi 1 ya maji kila juma. Kwa shina lenye nafasi ya futi 10 kwa 10, hayo ni karibu madebe 12. Anayepanda mashina 20 basi ahitaji madebe 240 kila juma. Nani atayabeba kichwani? Ni mke wako na watoto wako, na ng'ombe nao wanangoja kunywa.

Kwa hiyo panda mashina 2 au 3 tu, mahali ambapo maji humwagika kila siku: nyuma ya bafu, penye kuoshea vyombo, au chini ya maji ya paa. Maji ya kuogea yanafaa. Maji ya kisima chenye chumvi huunguza kingo za majani. Epuka udongo mweusi wa mbuga, kwa kuwa masika hutuamisha maji na kiangazi hupasuka ukakata mizizi. Udongo wa luseni wafaa ukiongezewa samadi nyingi.

Chimba shimo mwezi wa Oktoba, upana futi 3 na kina futi 2. Changanya udongo wa juu na madebe 2 ya samadi iliyooza, ambayo kwetu haina shida. Usijaze shimo mpaka juu. Acha bonde dogo la kupokea maji.

Mvua zikishika, chukua chipukizi lenye majani membamba kama sime. Menya tunguu lake mpaka liwe jeupe. Ukiona vijia vya wadudu vimezidi, litupe. Kisha litumbukize katika maji yanayochemka, hesabu polepole mpaka 30, ulitoe. Miche itokayo mahali penye mnyauko, kama ule ulioingia Kagera miaka ya 2000, usiikubali hata ukipewa bure.

Baada ya hapo tandaza majani makavu au mabua ya mtama, unene wa nusu futi, ukiacha shubiri moja kutoka shinani. Mabua ya pamba usiyatumie. Hayo yang'olewe na kuchomwa moto baada ya mavuno, maana huficha wadudu wa msimu ujao. Mbuzi watayafuata matandazo hayo, kwa hiyo zungushia uzio. Minyaa ni mizuri, tena hukinga upepo unaochana majani, lakini iwe mbali kidogo isije ikanyang'anya maji.

Kila shina liwe na mama na mtoto mmoja. Machipukizi mengine kata. Majani mabichi usikate ovyo. Mgomba unaotoa mkungu uwe na majani 8 au zaidi.

Maji yakipungua sana Agosti, usigawe kidogo kidogo kwa mashina yote. Chagua shina moja, ulipe yote. Mengine yakikauka juu, usiyang'oe. Kata shina, lipasue, uwape ng'ombe, kisha funika tunguu kwa matandazo. Mara nyingi hubaki hai chini ya ardhi, na mvua za Novemba zikinyesha litachipua tena.